Kinanda Kimoja, Ukumbi Mdogo: Taarab Ilipopita Dubai

Historia ya taarab ya kisasa husimuliwa kana kwamba yote yalitokea Dar es Salaam. Msimuliaji huanza na ushindani wa Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre, TOT, kundi la CCM lililoanzishwa mwaka 1992, mwaka ule ule vyama vingi viliporuhusiwa. Kisha huja kwa waimbaji Khadija Kopa na Nasma Khamis na vijembe vyao, na kutoka hapo huruka moja kwa moja hadi makundi ya leo. Simulizi hii si ya uongo, ila ina pengo kubwa katikati. East African Melody, kundi ambalo mashabiki wengi wa rusha roho, yaani taarab hii ya kisasa, wanalihesabu kuwa ndilo lililoonyesha njia, lilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Wazanzibari waliokuwa wakiishi Dubai. Jambo hilo hutajwa kwa sentensi moja, kisha husahauliwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye mzizi. Taarab tunayoisikia leo, ya vinanda na watu wachache jukwaani, imefuata umbo la maisha ya msanii asiye na chama wala serikali nyuma yake, anayepiga katika kumbi ndogo za ugenini.

Ili hoja hiyo ieleweke, tukumbuke taarab ilikotoka. Mapokeo yanasema Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa Ikhwani Safaa, na mwaka 1958 Culture Musical Club. Hivi ni vyama kwa maana kamili ya neno: vina jengo, vina wanachama, na vyombo ni mali ya chama. Fidla zimepangwa safu, pana udi, kanuni, akodiani, nai, besi, dumbaki na rika, na nyuma yake waitikiaji. Hesabu ya watu hufika 20 na kupita. Kikosi kama hicho kinawezekana kwa sababu fundi wa fidla ana kazi yake ya mchana, analala kwake, na chama kinabeba gharama. Mtoe Unguja umpeleke nchi ambako kila mtu anahitaji viza, mdhamini, kitanda na tiketi ya ndege, na hesabu yote inavurugika. Siti binti Saad aliliona hilo mapema. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani, alisafiri na kundi dogo la wapigaji wachache. Anayesafiri kwa riziki yake hubeba kinachobebeka.

Dubai haikuwa ugeni mtupu kwa sauti za pwani yetu. Katika nchi za Ghuba bado inachezwa ngoma iitwayo leiwa, iliyopelekwa na watu wenye asili ya Afrika Mashariki, wakiwemo wengi waliovushwa utumwani. Ndani yake mna zumari, wachezaji wanazunguka duara, na majina ya ngoma zake hayahitaji mkalimani kwa Mswahili: kubwa inayosimama ni msondo, na nyingine ina jina lililotokana na chapuo. Hata baadhi ya nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili, ingawa waimbaji wengi wa leo hawajui tena maana yake. Juu ya tabaka hilo la kale likaja jingine baada ya Mapinduzi ya 1964, familia za Zanzibar zilipotafuta makazi Ghuba, na Dubai, iliyogundua mafuta mwaka 1966, ilihitaji makarani, walimu na wafanyabiashara. Hao ndio waliokuwa na harusi za kuimbiwa. Walikuwapo wasikilizaji wanaojua fumbo la wimbo linamlenga nani, jambo ambalo msanii hawezi kulinunua kwa fedha.

Palipokosekana ni mahali pa kupigia kama panavyojulikana Unguja au Tanga. Dubai, kwa muda mrefu, leseni za vileo zilitolewa zaidi kwa hoteli, na muziki wa usiku ukajikusanya humo. Katika hoteli za wastani za Deira na Bur Dubai, jengo moja laweza kuwa na kumbi kadhaa, huu wa Wahindi, ule wa Wafilipino, mwingine wa Waafrika, na kila mmoja jukwaa lake halizidi ukubwa wa mkeka. Hata leo, mwimbaji wa usiku mmoja anahitaji kibali cha idara ya utalii ya Dubai, na mwenye kukiomba ni ukumbi au mwandaaji mwenye leseni. Msanii hawezi kujiombea. Upande wa pili ziko harusi, katika kumbi za kukodi, wanawake peke yao, ambako hakuna tiketi na malipo hukubaliwa kabla. Katika hali zote mbili mwenye fedha huuliza swali moja: mko wangapi? Kila mtu anayepungua jukwaani ni fungu linaloongezeka kwa waliobaki.

Jibu la swali hilo lilikuwa kinanda. Kinanda cha umeme kilisimama juu ya miguu miwili iliyopishana, mkono wa kushoto ukapiga besi, wa kulia ukachukua nafasi ya fidla zote, na mashine iliyo ndani yake ikapiga ngoma bila kuchoka. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 za kulinganishwa, na mbao na nyuzi huyumba zinapotoka kwenye joto lenye unyevu na kuingia kwenye baridi ya kiyoyozi. Kinanda hakina shida hiyo. La muhimu zaidi, Yamaha ilikwisha kutengeneza vinanda kwa ajili ya soko la Waarabu, vyenye uwezo wa kutoa robo za sauti ambazo kinanda cha Kizungu hakinazo. Masoko ya Ghuba ndiyo yaliyokuwa mlango wa vyombo hivyo. Aliyekuwa Dubai aliweza kuachana na fidla bila kuachana na maqam, ngazi za sauti za Kiarabu, na hilo lilimpa nafasi ambayo mwenzake wa nyumbani hakuwa nayo kirahisi.

Wapo watakaopinga kwamba umeme ulikuwa umekwisha kuingia katika taarab. Ni kweli. Black Star ya Tanga ilipiga magitaa ya umeme tangu miaka ya 1960, na makundi ya Mombasa kama la Maulidi Juma yalizoea kinanda zamani. Lakini hoja yangu haihusu umeme. Tanga umeme uliongezwa katika mfumo wa klabu uliobaki na wanachama wake. Ugenini ulichukua nafasi ya klabu yenyewe. Upinzani wa pili una nguvu zaidi: kwamba bila mipasho ya TOT na Muungano pasingekuwa na hamu ya mtindo mpya. Nakubali kwamba Dar es Salaam ndiyo iliyotoa moto wa maneno. Ila TOT ilikuwa na chama tawala mgongoni, na kundi lenye mfadhili wa namna hiyo haliwezi kuwa kielelezo kwa wasio na mfadhili. Makundi binafsi yaliyofuata, Zanzibar Stars na Jahazi miongoni mwao, yalifuata hesabu ya Melody: vinanda, gitaa, besi, waimbaji, na mapato ya mlangoni pamoja na noti za kutunza.

Wapenzi wa taarab asilia wanaililia kanuni, na mimi nawaunga mkono katika kilio hicho. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kimefanya kazi ya heshima kwa kufundisha vijana udi, fidla na kanuni. Lakini si haki kumtwika lawama mpiga kinanda wa Dubai, kana kwamba aliziua fidla kwa kukosa adabu. Hakuwa na fidla 10 za kuziacha. Alikuwa na viza yenye jina la mwajiri, chumba cha kushirikiana, na wasikilizaji waliotaka kusikia lugha yao usiku wa Ijumaa. Ujuzi wake ulikuwa katika kuuweka mlio wa kikosi kizima ndani ya mikono miwili, na ni ujuzi unaostahili kuandikwa kwa majina ya wenyewe, maana wengi wao bado wako hai na kumbukumbu zao hazijakusanywa.

Kalenda nayo ilikuwa na sehemu yake katika kuuleta mtindo huo nyumbani. Shaaban ni mwezi wa harusi kufuatana, kila familia ikiharakisha kabla ya mfungo. Ramadhani ikiingia, kwa desturi ya miaka mingi ya Dubai, kumbi za usiku zilifungwa na muziki wa jukwaani ukanyamaza, na msanii wa kulipwa kwa usiku akakaa siku 29 au 30 bila kipato. Na mara mfungo unapoisha, msimu mkubwa wa taarab Unguja ni Sikukuu ya Idi, siku nne za maonyesho mfululizo. Kwa mwenye kinanda ndani ya sanduku lake, hesabu ya nauli ya kurudi nyumbani mwezi huo haikuwa ngumu.