Ukomavu na hekima (Kuresoi)

Ukomavu na hekima ni sifa mbili zinazotenganishwa katika mila za Wakipsigis, tawi la Wakalenjin na mojawapo ya jamii za Kuresoi, magharibi mwa Kaunti ya Nakuru, kando ya msitu wa Mau.

Ukomavu hupatikana kwa utaratibu unaojulikana. Kijana hutahiriwa, hukaa jandoni (menjo), kisha huingia rika lake: Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach, Nyongi na mengineyo, ambayo majina yake hurudi kwa mzunguko baada ya vizazi kadhaa. Siku hizi jando hufanyika zaidi likizo ya Desemba, na mvulana wa shule hurudi darasani Januari akihesabiwa mwanamume. Kama ameiva kweli ni swali jingine, na wazazi wengi hulijibu kwa kuguna.

Hekima haina sherehe. Katika kokwet, baraza la ujirani, wazee wa rika moja huketi pamoja, lakini kesi ngumu ya mpaka au mifugo humngoja kiruogindet, mwamuzi ambaye cheo chake hakirithiwi. Hutambuliwa kwa jinsi anavyosikiliza na kupatanisha. Mwenye mvi asiye na uwezo huo huheshimiwa tu.

Tofauti hiyo kati ya ukomavu na hekima ilipimwa vikali na ghasia za kikabila za 1992 na za 2007–2008, zilizowafukuza watu wengi mashambani Kuresoi. Mwaka 2012 wazee wa Kikalenjin na wa Kikuyu walitia saini mkataba wa amani wa Nakuru baada ya mazungumzo marefu.