Kivuli cha Kijiti na Saa ya Ukutani

Wako wanaodhani kwamba saa ya jua ni kitu cha kale kisicho na kazi tena. Historia yatufundisha vingine: kupima wakati na kujua mahali ulipo ni elimu moja.

Wazee wetu wa pwani waliifahamu elimu hiyo. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, juu ya kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Baharini, mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo. Nahodha aliuma uzi, akalinganisha ukingo wa chini na upeo wa bahari, na wa juu na nyota. Fundo lilimwambia yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliiandika elimu hii katika karne ya 15, na utungo wake mmoja unaeleza njia ya Sofala.

Lakini kibao hakikusema yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Basi mwenye kujua saa ya kwao na saa ya jua mahali alipo, hujua amekwenda umbali gani. Saa za zamani ziliharibika kwa mrusho wa mawimbi. Mwaka 1761 saa ya John Harrison wa Uingereza ilipakiwa merikebuni kwenda Jamaika, na ilipofika mwaka 1762 ilikuwa imekosea sekunde chache tu.

Hesabu hiyo hiyo iko hapa kwetu. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari usiopita Tanzania hata kidogo. Kwa hiyo Dar es Salaam jua hufika kileleni, kwa wastani, dakika 23 hivi baada ya saa sita mchana. Kigoma huchelewa zaidi kidogo ya saa nzima. Tena wastani huo hubadilika: mwanzoni mwa Novemba jua huwahi kwa dakika 16 hivi, na katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14.

Wadogo zetu mlioko madarasani, msinakili saa ya jua kutoka vitabu vya Ulaya. Mshale wa London huinuliwa nyuzi 51 na nusu kuelekea kaskazini. Wa Dar es Salaam huinuliwa nyuzi 7 tu, kuelekea kusini. Kule kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Hapa Desemba huelekea kaskazini, na Juni kusini. Simikeni kijiti chenu uwanjani, mpime wenyewe. Mwenye kuiga bila kupima hupata saa ya nchi ya watu.