Pamba Ndani ya Kidonge

Weka kidonge cha malaria cha watoto kwenye kijiko chenye maji. Kingo zinameguka, kinavimba, kinapasuka, na kabla mtoto hajanyamaza kulia kimeshakuwa uji mwepesi wa njano wenye ladha ya cheri. Kinachokipasua si dawa yenyewe. Ni selulosi, uzi wa mmea, uzi uleule unaoijenga pamba inayovunwa Kishapu na Kahama.

Mwaka 1843 mchoraji wa Uingereza, William Brockedon, akihangaikia risasi ya penseli, alisajili njia ya kushindilia unga kwenye kalibu. Ndivyo vidonge vya kushindiliwa vilivyoanza. Lakini unga ulioshindiliwa mno hupita tumboni mgumu kama kokoto, hivyo watengenezaji wakaanza kuuchanganya na wanga wa mahindi au viazi, unaofura ukilowa na kukivunja kidonge.

Selulosi ilikuja baadaye. Miaka ya 1950, Marekani, Orlando Battista aliivunja kwa asidi ikawa unga laini. Wengine wakaibadilisha selulosi kwa kemia na kuzifunga nyuzi zake pamoja ili isiyeyuke, bali ifyonze maji na kufura kwa nguvu. Hiyo ndiyo kroskamelozi ya sodiamu. Fungua kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa, utaikuta imeandikwa kwa herufi ndogo.

Kwa nini haraka yote hiyo? Dawa mseto ilipofanywa tiba ya kwanza ya malaria Tanzania mwaka 2006, kidonge kilikuwa kichungu. Mama alikiponda kati ya vijiko viwili. Nusu ikaganda kijikoni, nusu ikatapikwa. Ndipo watoto 899 wa Tanzania, Kenya, Mali, Benin na Msumbiji wakashirikishwa katika utafiti ulioongozwa na Mtanzania, Dkt. Salim Abdulla wa Ifakara. Matokeo yalitoka mwaka 2008: kidonge cha kuyeyuka kiliponya zaidi ya asilimia 97, karibu sawa na cha kupondwa. Mwaka uliofuata kikaingia sokoni.

Mkoa wa Geita, Tanzania, unakihitaji kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2017 uliwakuta na vimelea watoto wadogo 17 katika kila 100. Kwenye machimbo ya dhahabu, mashimo yaliyoachwa hujaa maji ya mvua, mbu wakazaliana humo, na wachimbaji huhama na familia zao kutoka machimbo hadi machimbo.

Na selulosi ya vidonge kama hicho hutoka wapi? Viwanda vya dawa huichukua kwa wingi kutoka kwenye miti, lakini hupokea pia nyuzi fupi zinazong'ang'ania mbegu ya pamba baada ya kuchambuliwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kimefanya utafiti wa mbegu za pamba kwa miongo mingi, na Usukuma inajua kuilima pamba. Nyuzi ndefu hufungwa robota, na nyingi husafirishwa ghafi. Mbegu huenda kukamuliwa mafuta, na mara nyingi nyuzi fupi zilizobaki juu yake huingia kwenye mashudu. Naamini hapo ndipo pa kuanzia kuzikusanya kwa ajili ya vidonge, kwenye kinu cha mafuta, kabla mbegu haijakamuliwa.