Bima ya dhima ya kitaaluma kwa wauguzi wa afya kazini

Bima ya dhima ya kitaaluma ni bima inayomkinga mtaalamu dhidi ya madai ya mtu aliyepata hasara kutokana na uzembe, kosa au ushauri mbaya katika kazi ya taaluma hiyo. Kampuni ya bima hulipa gharama za wakili pamoja na fidia, hadi kufikia kikomo kilichoandikwa katika mkataba. Bima hii hutumiwa na mawakili, wahasibu, wahandisi, madaktari na wauguzi. Kwa muuguzi wa afya kazini aliyejiajiri ina umuhimu wa pekee, kwa sababu hana mwajiri wa kubeba dhima pamoja naye, na magonjwa mengi ya kazini huonekana miaka mingi baada ya upimaji.

Kazi na hatari zake

Muuguzi wa afya kazini hupima usikivu, mapafu, macho na shinikizo la damu la wafanyakazi, hutunza kumbukumbu, hutoa huduma ya kwanza na kushauri. Mmoja wa wa kwanza kujulikana ni Phillipa Flowerday, aliyeajiriwa mwaka 1878 na kiwanda cha haradali cha Colman mjini Norwich, Uingereza.

Madai yanaweza kutokea kipimo kikisomwa vibaya, mgonjwa akichelewa kupelekwa kwa daktari, au siri yake ikifika kwa mwajiri. Suala la siri ni gumu, kwani anayelipa ni mwajiri ilhali anayepimwa ni mfanyakazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Tofauti kati ya mwajiriwa na aliyejiajiri

Sheria ya madai ya Tanzania ina mizizi katika sheria ya Uingereza, ambayo humwajibisha mwajiri kwa makosa aliyoyafanya mwajiriwa wake akiwa kazini. Kwa hiyo muuguzi wa hospitali akikosea, mdai anaweza kuishtaki hospitali. Muuguzi anayefanya kazi kwa mkataba na kampuni mbalimbali hushtakiwa mwenyewe, na akishindwa kesi mali yake inaweza kukamatwa ili kulipa deni.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, hauchukui nafasi ya bima hii. Mfuko huo humlipa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, bila kumtaka athibitishe uzembe wa mtu. Haumtetei muuguzi anayedaiwa kwa kosa lake.

Sheria nchini Tanzania

Biashara ya bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Wauguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kwa upande wa maeneo ya kazi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaweka upimaji wa kuthibitisha kama mtu anafaa kwa kazi mikononi mwa daktari. Muuguzi anayetoa uthibitisho huo peke yake hutoka nje ya mipaka ya taaluma yake, na bima huweza kukataa kumlipia.

Jinsi inavyofanya kazi

Kwa kawaida bima hii hufuata tarehe ya dai, si tarehe ya kosa. Kwa mfano, muuguzi anapima usikivu wa wafanyakazi wa mgodi mwaka 2018 bila kutambua dalili za uziwi. Anaendelea kulipa ada ya bima hadi mwaka 2022, kisha anaacha. Dai likifika mwaka 2024 hana bima, ingawa alikuwa nayo siku ya kosa.

Kwa sababu hiyo, mambo haya huangaliwa katika mkataba:
* tarehe ya kurudi nyuma, yaani siku ambayo makosa yaliyofanywa kabla yake hayalipiwi;
* bima ya baada ya kuacha kazi, inayopokea madai ya kazi za zamani;
* kikomo cha fidia, na kama gharama za wakili zimo ndani yake;
* wajibu wa kuiarifu kampuni mapema, na kutokubali kosa kabla ya kuwasiliana nayo.

Makosa ya makusudi na jinai kwa kawaida hayalipiwi.

Mkoa wa Songwe

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, una maeneo ya kazi ya aina nyingi: kahawa wilayani Mbozi, makaa ya mawe wilayani Ileje, malori katika mpaka wa Tunduma, na kilimo katika wilaya ya Momba yenye kata ya Chitete. Muuguzi anayehudumia waajiri wadogo walio mbalimbali namna hii hukusanya dhima kutoka kila mkataba. Kumbukumbu zilizoandikwa vizuri na kutunzwa ndizo ushahidi wake mkuu dai linapofika.

Nchi nyingine

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2014, sheria inamtaka kila muuguzi anayefanya kazi awe na kinga ya aina hii, iwe yake mwenyewe au ya mwajiri wake.