Mchezaji Huru wa Masharti

Mchezaji huru wa masharti (kwa Kiingereza “restricted free agent”), katika mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani, ni mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha na ana ruhusa ya kuzungumza na timu yoyote, ila timu anayotoka inaweza kumbakiza ikikubali kumlipa kile kile alichoahidiwa kwingine. Ligi ya NBA huutumia utaratibu huu kwa vijana: waliochaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, yaani zoezi la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu, wanapomaliza mkataba wao wa kwanza wa miaka 4, na wengine ambao hawajapita misimu 3 kwenye ligi.

Wasomaji wa habari za soka wanalijua neno “mchezaji huru”: yule aliyemaliza mkataba na anayeweza kusajiliwa bila ada. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba uhuru huu una mwenye kuukatiza. Tafsiri ya “mchezaji huru aliyezuiliwa” inapotosha, kwa sababu mchezaji hajazuiliwa chochote. Anazungumza, anapokea ofa, anaitia saini. Sharti liko upande wa timu, nalo ni haki ya kutangulia. Fiqhi ina neno la karibu sana na jambo hili, shufaa: mshirika katika nyumba au shamba ana haki ya kulinunua fungu la mwenzake kabla ya mgeni, mradi alipe bei ile ile aliyokubali mgeni. Hapa pia timu ya zamani haiwezi kupunguza hata dola moja. Ikikubali, inachukua masharti makuu ya ofa kama yalivyo. Ikikataa, mchezaji anakwenda.

Haki hiyo haiji yenyewe. Mkataba unapokaribia kwisha, timu lazima impe kijana ofa ya mwaka mmoja ambayo kiwango chake kinawekwa na kanuni za ligi. Hiyo inaweza kuitwa ofa ya kuhifadhi haki. Asipopewa, anakuwa huru kabisa. Akiikubali, anacheza msimu mmoja kwa fedha hizo kisha kwa kawaida anakuwa huru bila sharti lolote. Njia hiyo ni ya hatari, maana jeraha moja linaweza kumpotezea mikataba minono ya baadaye, lakini mwaka 2025 Quentin Grimes wa Philadelphia 76ers na Cam Thomas wa Brooklyn Nets waliichagua.

Uzito wa istilahi hii unaonekana zaidi kwa mchezaji wa jukumu, yaani asiye nyota ila ana kazi moja au mbili anazozifanya vizuri: kumkaba mfungaji hatari, kufunga kutoka mbali, kudaka mipira inayogonga ubao. Bei ya nyota haina mjadala mrefu, kwa kuwa kanuni zimeweka mshahara wa juu na nyota huupata. Bei ya kijana wa benchi haijulikani mpaka mtu aitaje. Na wanaoitaja ni wachache, kwani timu inayotoa ofa hufungia nafasi yake ya mishahara chini ya kikomo cha ligi ikisubiri jibu, huku wachezaji wengine wakisajiliwa. Mara nyingi, basi, haki ya kutangulia hufanya kazi bila hata kutumiwa: huwafukuza wateja mapema. Mwaka 2023 Austin Reaves, ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti, alisaini tena na Los Angeles Lakers kwa miaka 4 na takriban dola milioni 54 bila timu nyingine kuweka ofa rasmi mezani.

Timu yenye haja ya kweli hutafuta namna ya kuifanya ofa iwe chungu kuilipa. Mwaka 2012 Houston Rockets walimpa Jeremy Lin wa New York Knicks miaka 3 kwa dola milioni 25 hivi, ambapo miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya takriban milioni 5 kila mmoja na wa tatu ukaruka karibu milioni 15. Knicks walipiga hesabu ya mwaka huo wa tatu pamoja na kodi ya ziada inayotozwa timu zenye mishahara mikubwa, wakamwachia. Mwaka 2016 Miami Heat walifanya kinyume: Brooklyn Nets walipomwahidi Tyler Johnson dola milioni 50 kwa miaka 4, Heat walilipa.

Lazima itofautishwe haki ya kutangulia na haki za Bird, zilizopewa jina la Larry Bird wa Boston Celtics. Hizi huiruhusu timu kumsajili upya mchezaji wake hata kama imevuka kikomo cha mishahara, na hazimzuii mtu kuondoka. Mwaka 2021 Lakers walikuwa na haki za Bird juu ya Alex Caruso, mlinzi hodari aliyekuwa huru kabisa, lakini hawakuufikia mkataba wa takriban dola milioni 37 aliopewa na Chicago Bulls. Kiangazi hicho hicho walimsajili upya Talen Horton-Tucker, aliyekuwa huru wa masharti, kwa dola milioni 30 na ushei, na mwaka uliofuata wakambadilisha na Utah Jazz. Caruso, waliyemwacha aondoke, baadaye alihamia Oklahoma City Thunder na kutwaa nao ubingwa mwaka 2025.