Daftari la Mwajiri

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Same, akishapita Mombo, hufika Mazinde. Kulia kwake imesimama milima ya Usambara, na chini ya milima ni nchi ya mkonge. Sisi wa upande huu tumezoea kuhadithia mkonge kwa habari za jua, miiba na mlio wa korona. Kuna habari nyingine ambayo haina mlio: habari ya daftari.

Watu wengi hudhani kwamba ubaguzi kazini ni tusi linalomtoka bwana mkubwa akiwa amekasirika. Tusi lipo, na linauma. Lakini tusi hupita na aliyelitoa. Ubaguzi ulioandikwa katika daftari la mishahara humngoja hata mfanyakazi ambaye hajazaliwa.

Tazama ulivyoanza. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyopona. Kutokana na hiyo yakaja mashamba, na mashamba yakataka mikono. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto, kila mwanamume Mwafrika alipewa kadi iliyomdai siku 30 za kazi kwa mlowezi katika kila miezi minne. Kadi haikumtukana mtu. Ilimtenga kwa rangi, basi.

Walipokuja Waingereza, mikono ilitafutwa mbali zaidi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua. Watu walitoka Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Makambi yalipangwa kwa makabila. Kabila hili likasemwa kuwa la wakataji hodari, lile likasemwa kuwa la wavivu, na mtu akapangiwa kazi kabla hajashika kisu.

Wala hayo hayakuwa ya mashambani peke yake. Katika utumishi wa serikali za Afrika Mashariki, Tume ya Holmes ya 1947 na 1948 ilikubali kwamba Mwafrika mwenye kazi sawa na ya Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano ya mshahara wake. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikaiondoa hesabu hiyo, lakini papo hapo ikaweka nyongeza ya kuwavutia watumishi kutoka ng'ambo. Mlango ulifungwa, dirisha likaachwa wazi.

Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde waligoma, na mgomo wao ukawa miongoni mwa migomo mirefu katika historia ya mkonge Tanganyika. Chama chao kilikuwa kingali kichanga. Mwaka huohuo, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 111 wa kukataza ubaguzi katika ajira. Waliogoma Mazinde hawakuhitaji kuusoma ili wajue wanachodai. Tanzania iliuridhia mwaka 2002.

Baada ya Uhuru lilizuka swali gumu: je, sasa ni zamu yetu kubagua? Wako waliotaka kazi ziwe za Waafrika tu. Mnamo Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba raia ni raia, na ajira ya serikali haitazama rangi tena. Neno hilo halikupendwa na wote, lakini lilikuwa sahihi: dawa ya daftari bovu si kugeuza majina yaliyomo.

Leo hii mwajiri anayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 chakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, mahali atokako, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri na mengineyo. Chamlinda hata aliyeleta barua ya maombi tu. Unyanyasaji nao huhesabiwa kuwa ubaguzi. Mwajiri hutakiwa kusajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wake wa kukuza nafasi sawa. Tena sheria ya mwaka 2010 ya watu wenye ulemavu yamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri walau asilimia 3 kutoka kwao.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo humwangukia mwajiri. Hapo ndipo daftari huitwa kutoa ushahidi. Kwa nini huyu alipandishwa na yule akaachwa? Kwa nini mwanamke huyu aliachishwa mara tu mimba ilipoonekana? Asiyeandika sababu zake siku ya uamuzi hatazipata mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuchagua mtu kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazidai kunaruhusiwa, ila mwajiri aweze kuzionyesha.

Waajiri wengi husema, "Mimi simchukii mtu." Huenda ni kweli. Hata karani aliyeandika namba za manamba huenda hakumchukia mtu. Alijaza safu alizozikuta. Basi mwajiri aanze kwa kulifungua daftari lake na kuzitazama safu zilizomo.