Siku moja Moshi: pa kutembea, pa kula na pa kununua

Wageni wengi wanaofika Moshi hulala usiku mmoja tu, kesho yake wako geti la Machame au Marangu kupanda mlima. Mji wenyewe wanauona kupitia dirisha la gari. Kama una siku moja ya kuzunguka, huu hapa mpangilio unaowezekana kwa miguu, bajaji na daladala.

Amka mapema
Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, mara nyingi huonekana vizuri alfajiri, kisha mawingu yanaufunika. Ukitaka picha, usisubiri mpaka umalize chai. Ukiukosa asubuhi, jaribu tena jioni jua linapozama.

Kitenge kwanza
Mafundi cherehani wa Moshi hushonea barazani, mbele ya maduka ya vitambaa. Wapitie asubuhi, siyo jioni. Sketi au suruali ya kawaida inaweza kuwa tayari siku hiyohiyo, ila gauni lenye mambo mengi litataka muda zaidi. Kubalianeni bei na saa ya kuchukua kabla hajakata kitambaa, na usilipe yote mwanzoni.

Stesheni na mnara wa saa
Mji wa sasa ni mtoto wa reli. Makao ya mwanzo yalikuwa juu mlimani, Old Moshi. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, biashara na ofisi zikashuka kuifuata. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Ukitoka stesheni, tembea taratibu hadi kwenye mnara wa saa, katikati ya mji.

Kahawa yenye historia
Wakulima wa Kilimanjaro walianza kujipanga mwaka 1925 kupitia chama cha KNPA, wakiwa wanatetea haki ya Mwafrika kulima na kuuza kahawa yake. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, moja ya vyama vikuu vya ushirika vikongwe zaidi Afrika. Makao makuu ya Bodi ya Kahawa Tanzania nayo yako hapahapa Moshi. Ukinunua pakiti, angalia kama ni arabika tupu na imekaangwa lini. Punje hukaa na harufu yake muda mrefu kuliko unga.

Panda Old Moshi
Hapa usipite haraka. Chukua usafiri wa kwenda Kiboriloni, kisha upande barabara ya Kidia. Ndiko alikotawala Mangi Meli, ambaye wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani mwaka 1892. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Machi 2, 1900 walimnyonga pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha.

Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi ili kizikwe nyumbani. Septemba 2023, taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu matatu na jamaa walio hai Tanzania. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Kwa hiyo hapo si pa kupiga selfi na kuondoka. Ni msiba ambao haujamalizika. Salimia wenyeji, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na mtafute mwongozaji wa palepale kijijini akusimulie. Ada yake itabaki kijijini.

Ule nini
Agiza mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, au machalari. Kama hutumii nyama, ulizia kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ionje kidogo kwanza kama ni mara yako ya kwanza.

Sokoni
Soko la Mbuyuni ni la mazao na vitu vya nyumbani. Memorial ndiko kwenye mitumba. Nenda na hela ndogondogo na mfuko wako mwenyewe. Bei ya kwanza siyo ya mwisho, ila punguza kwa utani, siyo kwa kudharau mali ya mtu. Kwa vinyago, uliza bei duka la pili na la tatu kabla ya kutoa pesa.

Kabla hujaondoka
Pitia kwa fundi na ujaribu nguo palepale, maana marekebisho madogo ni rahisi ukiwa bado mbele yake. Na chupa yako ya maji usiitupe ovyo: Moshi ina sifa ya usafi, na wenyeji wanailinda.